Dawa ya Kuku wa Agathe

Kwetu Butembo, kuku akipinda shingo hatuhangaiki kutafuta daktari wa mifugo. Tunaloweka majani ya bangi katika maji yake ya kunywa. Nilipohamia Bunia nikaotesha mche mmoja nyuma ya jiko langu, mtaa wa Nyakasanza, kwa kazi hiyo tu. Sijawahi kuvuta, wala hakuna aliyethubutu kuvuta uani kwangu. Majani ya chini hayana nguvu kubwa. Ulevi wenyewe unakaa juu, kwenye maua ya mche jike, yale yanayonata vidole ukiyashika, na hayo niliyaacha yakauke bure.

Jirani yangu Agathe aliyajua hayo yote, maana nilimfundisha mimi. Ndiye aliyemshika binti yangu Sandrine siku ya ubatizo. Tulipikia jiko moja, tukakimbia risasi pamoja. Vita vilipoingia tena mjini, mwaka ule wa 2003, wapiganaji walianza kuwasaka wafanyabiashara wa kwetu nyumba kwa nyumba, nami nikamficha mdogo wangu Mbusa, naye mchuuzi, darini. Agathe aliona napakua sahani ya ziada. Kumdanganya mama wa ubatizo wa mtoto wangu sikuweza, nikamwambia. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa kwa furaha.

Kisha kuku wake wakaanza kuugua.

"Mama Sandrine, nipatie dawa kidogo," aliniomba. "Kuku yangu iko mugonjwa tena."

Nilimpa. Akarudi, nikampa, tena nikamfungia vizuri katika kipande cha kitenge changu cha zamani. Katika Ituri nzima hapakuwa na kuku wagonjwa kama wa Agathe, na hapakuwa na kuku wagumu kufa kama wao. Halafu siku moja akayaruka majani, akaanza kukata vichwa vya maua.

"Yaya, ya kuku ni majani, haiko maua," nilimwambia, kwa jina la dada mkubwa nililozoea kumwita.

"Ugonjwa ya sasa iko nguvu," alijibu bila kunitazama.

Wiki ile ile nilipita kwenye kizuizi cha barabarani, nikamwona mpiganaji mmoja amekaa juu ya tairi, anapukutisha maua mkononi. Kitambaa kilichokuwa pajani mwake kilikuwa kitenge changu. Nilirudi moja kwa moja hadi banda la kuku la Agathe. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na mavi yaliyokauka zamani. Watu wale walikuwa wakivuta kwanza ndipo waende kuua, na mimi niliyemlisha mdogo wangu kwa siri nilikuwa nawalimia.

Niling'oa mche mchana kweupe, Agathe akiwa amesimama pale, nikautupa chooni.

"Uwaambie kuku yote ilikufa," nilimwambia.

Aliangalia shimo lililobaki, akaingia ndani kwake na kufunga mlango. Nikadhani ni aibu, na kusema kweli nilifurahi kumwona ameaibika.

Asubuhi yake walikuja wapiganaji wanne. Hawakupekua chini ya kitanda, hawakufungua hata sanduku. Mmoja alichukua mchi wangu, akaugonga kwenye dari ya chumba cha nyuma, pale pale alipolala Mbusa, akamwita kwa jina. Mbusa alishuka akiwa na vumbi kichwani. Aliniambia nisiwafuate, na nilipowafuata walinisukuma kwa kitako cha bunduki. Tulimkuta kesho yake kwenye njia ya Ngezi, tukamzika tumemfunga katika mkeka.

Agathe alikuja kwenye matanga. Alibeba sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mikono miwili, akaiweka mbele yangu kama mtu wa nyumbani, akakaa chini akalia. Na alilia kweli, hilo ndilo lililonichoma zaidi. Wanawake wote walikuwapo nilipomuuliza.

"Yaya, ni weye ulisema?"

Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge.

"Walikuwa wanakuja kila asubuhi kwa mulango yangu, Mama Sandrine. Nilikuwa na bangi yako ya kuwapa, na nilikuwa na Mbusa. Bangi, weye uliing'oa."