Masaa Mawili Niliyomwacha Angani

"Hivi huko anakokwenda binti yako, ndege inachukua masaa mangapi?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu, fundi saa, siku tatu kabla ya safari. Nikamjibu sita. Tiketi niliisoma mwenyewe: kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa sita mchana. Akafungua mdomo aseme neno, nikamkata kauli. Nikamwambia ashughulike na saa zake, na siku mojamoja amkumbuke na Mungu.

Binti yangu ni muuguzi, damu haimtishi, lakini ndege inamtoa jasho. Nilimwahidi nitakaa kwenye mswala tangu anaruka mpaka anatua. Basi nikakaa. Saa sita ilipogonga nikaswali adhuhuri, nikashukuru, nikanyoosha magoti yangu mabovu, nikala. Simu yake haikupatikana. Saa saba, kimya. Saa nane nikaenda kibandani kwa fundi nikiwa na tiketi.

Aliisoma, akaniuliza ni mbali kiasi gani. Nikasema binti alinitajia kilometa elfu kumi na moja.

"Kwa masaa sita, shemeji? Hiyo ndege au risasi?"

Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, ndiyo maana ya shemeji. Akachukua saa mbili za mezani, moja akaiacha ilivyo, ya pili akairudisha nyuma masaa saba. Hii yetu, hii yao, akaeleza; tiketi imeandika kila uwanja kwa saa yake. Sisi tukila cha mchana, wao hawajaamka. Safari ni masaa kumi na matatu. Atatua saa moja jioni ya kwetu.

Furaha ilinijia, kisha aibu. Mwanangu yuko juu ya mawingu, na mimi nimeshateremka kwenye mswala tangu saa sita, nimeshiba.

Nikarudi mbio. Kufika alasiri magoti yakagoma kabisa. Nikamwona fundi amefunga kibanda, amekuja na kigoda na ile saa ya pili. Akakaa kizingitini, mlango wazi.

"Nipe tasbihi," akasema. "Wewe pumzika, nishike zamu. Nimesahau mengi, lakini kuomba mtoto afike salama sijasahau."

Tukapokezana hivyo. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza, uso ameugeuzia nje.

Saa moja na dakika kumi simu ikaita. Mwanangu ametua. Akauliza kama nilikuwa naye muda wote. Sikuweza kumdanganya, nikamwambia kuna masaa mawili nilikosea hesabu, nikamwacha peke yake.

"Mama, masaa hayo huenda ndiyo niliyolala. Na yaliyobaki?"

"Tulikuwa wawili," nikasema.

Fundi alisikia. Akaiweka tasbihi juu ya mswala taratibu, ile saa ya huko akaiegemeza karibu na picha ya binti yangu, akabeba kigoda chake, akatoka.