Pindo Lililobaki kwa Profesa

Usingizi unamkamata Rukaya mchana, amekaa sakafuni katikati ya makaratasi ya dada yake, kadi asiyoisoma bado mkononi, hasira haijamtoka. Profesa Shemsa, aliyefundisha historia ya sanaa na mavazi maisha yake yote, amekufa bila kupanga hata droo moja, na leo gari la chuo linakuja kuchukua makaratasi yake. Ya kazi tu, wamesema. Rukaya ameweka maboksi mawili, Kazi na Binafsi, na tangu asubuhi anatafuta kitu kimoja: kipande cha satini ambacho Shemsa alikikata kwenye pindo la gauni la harusi la Rukaya, eti kwa ajili ya utafiti. Binti yake Tausi analivaa gauni hilo, lililo kitini hapo, Jumamosi, na fundi amesema satini ya namna ile haipo tena madukani.

Anapepesa macho, na boksi la Kazi limekuwa mlango. Anaingia, maana hana muda wa kushangaa. Mbele ni barabara ya karatasi isiyo na mwisho, nyumba zake ni droo zilizofunguka nusu, kila nyumba ina kioo, na ndani ya kioo iko barabara hiyohiyo ikielekea kinyume, na Rukaya anatembea zote mbili huku akizilaumu zote mbili. Kando yamesimama masanamu ya duka la nguo, hayana nyuso, yamevaa mitihani, mialiko ya harusi na kadi za kliniki zilizounganishwa kwa pini. Wewe, analiita la karibu, satini nyeupe iko wapi? Iko inakokosekana, linajibu. Acha upuuzi, nina harusi Jumamosi. Harusi ipi, ya zamani au inayokuja? Rukaya anasonya. Kweli wewe ni wa Shemsa, yeye naye ukimuuliza chumvi iko wapi anakuanzia habari za Wareno. Sanamu linacheka bila mdomo. Rukaya anaokota karatasi, ni mhadhara wa kanzu, lakini katikati unageuka kuwa homa ya baba yao. Anaokota nyingine, ni salamu za Tausi kutimiza mwaka, nayo inaishia kwenye maelezo ya kola. Anaitia Kazi, inahamia Binafsi, anaitia Binafsi, inarudi Kazi, na barabara inajikunja na kumweka palepale alipoanzia. Jamani, mtu mzima unashindwa kutenganisha vitu viwili!

Ndipo analiona sanamu lililovaa gauni lake mwenyewe. Kwenye pindo la nyuma pana kadi, na juu ya kadi, kipande chake, kimebanwa kwa pini. Mwandiko ni wa Shemsa. Satini, mshono wa mkono. Mvaaji: mdogo wangu. Alinigombeza mpaka wanja ukamtiririka, halafu akacheka. Sijaona vazi lililompendeza mtu zaidi.

Sasa hii ni kazi au ni binafsi? anauliza Rukaya. Wewe ulipocheka, ulikuwa kazini? Ni sauti ya Shemsa, ileile ya kukera. Dada, nirudishie kitambaa changu. Si uchukue. Anachomoa pini, na barabara nzima inafumuka, droo zinamwagika, kanzu inaachana na homa ya baba, vyote vinapeperuka, na ile sauti inaanza kumwita, Ruka, Ruka, na kila ikiita inafifia. Rukaya anairudisha pini mbiombio, anajichoma, anaguna kwa uchungu.

Mama, gari la chuo, anasema dereva. Dereva yuko chumbani, ameinama juu ya maboksi, kampa mgongo. Tunachukua boksi lipi? Rukaya yuko sakafuni, kadi mkononi, kipande kikiwa na pini yake, tone la damu kidoleni. Analivuta gauni kutoka kitini, analigeuza pindo. Zima. Halina pengo, halina kiraka, halina hata alama ya sindano. Anatazama kadi tena: kipande kipo. Anakibonyeza kwa kidole, kipo.

Anaiweka kadi ndani ya boksi lililo karibu. Chukua yote mawili, anasema, wakilalamika waambie waje kwangu. Dereva anayabeba, moja juu ya jingine, anaelekea mlangoni. Ngoja wewe, Rukaya anasema. Geuka kwanza nikuone uso.