Haya ya Mke Wangu

Mke wangu ana haya tatu, na daktari alikuwa anaijua moja tu.

Ya kwanza ni fupi, anaisema akikuangalia usoni: amekubali, mmemalizana. Ya pili anaivuta, haaaya, maana yake amekusikia ila kufanya hafanyi. Ya tatu ndiyo yenye sumu. Anaisema polepole huku mikono ina shughuli, wala hakutazami. Niliponunua kochi jekundu bila kumuuliza, alinipa hiyo ya tatu. Wiki haikuisha, kochi likawa sebuleni kwa dada yake, na aliyelibeba ni mimi.

Sasa, kidonda cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na mwezi wa tatu hakifungi, na sukari nayo haishuki. Daktari akaja wodini na wanafunzi wanne nyuma yake. Ni mtu anayeongea nawe huku miguu yake imeshaanza kuondoka. Akasimama kwenye ncha ya kitanda akasema mguu utakatwa chini ya goti, kesho asubuhi.

"Nikibaki nao itakuwaje?" mke wangu akauliza. Ni fundi wa nguo, cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo hakuuliza ili kupoteza muda.

"Usiwe na wasiwasi, mama. Tunakata kila siku."

"Sijauliza mnakata lini. Nauliza nisipokatwa."

"Wataalamu tumeshakaa, mama. Tumeshaamua."

Mke wangu akashika pindo la shuka, akaanza kukagua mshono. "Haya," akasema.

"Mgonjwa ameelimishwa na amekubali," daktari akawaambia wanafunzi, nao wakaandika.

Ile haya niliijua. Ilikuwa ya kochi. Niliijua kabisa, na nikanyamaza kama sina ulimi. Niliogopa, sina cha kuficha. Nilijiona peke yangu ndani ya nyumba, mimi na cherehani tunatazamana. Nilitaka wakate wanachotaka, mradi wanirudishie mke.

Alasiri muuguzi akanifuata kwenye benchi la ukumbini na fomu mkononi. "Mama kageukia ukutani, hataki kuishika kalamu. Weka sahihi wewe, baba. Si ndiwe mume?"

"Mguu si wangu."

"Mke si wako?"

Hoja hiyo ilinikaa vizuri, siwezi kukataa. Nikaandika jina langu lote na sahihi yenye mikia miwili. Kusoma sikusoma. Nani anasoma karatasi ya hospitali?

Asubuhi tukasukuma kitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Pale alikuwepo mtaalamu wa usingizi, mzee mwenye miwani ya kamba, asiyeamini kitu mpaka akisome. Akaipokea fomu, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Mimi niliyeweka sahihi hapa chini, nikiwa na akili timamu na kwa hiari yangu, nakubali kukatwa mguu wangu wa kushoto." Akalitazama jina. Akamtazama mke wangu. "Hili ni jina la mwanaume. Nani huyu?"

"Ni mimi," nikajibu, kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Basi vua suruali."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Muuguzi, ambaye nadhani hajawahi kubishana na mtu yeyote kwenye mlango ule, akaja na gauni la kijani akanipima mabegani.

Mke wangu akajiinua kwa kiwiko. "Mpisheni alale hapa, mimi nitakaa kwenye benchi. Amesaini kwa hiari yake."

"Sitaki," nikasema. Nilisema mara moja tu, tena sikupaza sauti.

Mzee akatoa kalamu, akapiga mstari kutoka juu ya fomu hadi chini. "Amekataa. Hakuna operesheni."

Basi, imekwisha. Hakuna aliyeniambia nisiwe na wasiwasi. Hakuna aliyenikumbusha kwamba wataalamu wameshakaa. Neno langu moja, juu ya mguu usio wangu, na chumba kizima kikazima taa. Mwenye mguu alikuwa analisema tangu jana, mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake pekee. Nikaona haya. Hiyo haimo kwenye zile tatu, hiyo ni yangu mwenyewe.

Daktari akatokea na glavu mkononi. "Mama, si ulisema haya?"

"Nilisema."

Mzee wa usingizi akamsukumia kiti. Daktari akakitazama kile kiti kama kitu cha idara nyingine, kisha akakaa. Na alipokaa, kumbe ni mtu anayeweza kueleza. Akasema mguu ukibaki sumu inaweza kupanda, na ikipanda inaua. Akasema kuna njia ya kukisafisha kidonda kila siku kwa wiki moja na dawa ya kuchomwa mshipani, ila yeye haipi matumaini makubwa. Mke wangu akamuuliza maswali matatu, akajibiwa yote matatu. Mimi sasa nilisikia vizuri kile nilichokuwa nakiogopa kwa kubahatisha.

Alipomaliza, mke wangu akalishika tena pindo la shuka. "Haya," akasema.

Kalamu ya daktari ikabaki hewani. Akanigeukia mimi. "Mzee, hiyo ni haya gani?"

Jibu nilikuwa nalo. "Muulize mwenyewe."

Akamgeukia. "Mama, haya gani?"

Mke wangu akaliachia shuka, akamtazama usoni. "Ya wiki moja. Safisheni. Isipofaa, nitakuja kwenye mlango huu nikubali kwa mkono wangu." Kisha akanielekezea kidole. "Na huyu asipewe kalamu."