Mti wa Dirishani

Alfajiri mkata marumaru alipokata roho, mkewe alikuwa jikoni akichemsha maji ya kumkanda kifua. Alizima jiko. Baada ya mazishi aliibandika picha ya eksirei ya mapafu yake kwenye kioo cha dirisha, kwa kuwa marehemu hakupenda kupigwa picha na hiyo ndiyo iliyobaki.

Jua lilipopenya, mti ulionekana: shina kooni, matawi mawili makubwa, kila tawi likizaa mengine membamba, hadi vitawi vya unyuzi. Wageni walipoanza kupungua, matawi yalivuka ukingo wa picha yakatambaa ukutani. Yalihema harakaharaka, na kila yalipotoa pumzi yalidondosha unga mweupe. Mjane hakukaa kitako tena. Akimaliza kufagia upande huu, ule umeshachafuka.

"Shemeji, mti wako haupogolewi?" aliuliza mdogo wa marehemu, akifunga kamba za viatu. Aliishi hapohapo nyumbani, na kazini alikuwa amerithi mashine ya kaka yake.

"Aupogoe anayeulisha. Koki imefunguliwa?"

"Bado."

Zamani, kule karakanani, maji ya koki hiyo yalimwagikia msumeno wa kukatia mawe. Yalishuka na vumbi hadi uani, yakijigawa vijito kwa vijito, yakaacha mti mweupe umelala chini. Lakini mwenye karakana alitaka wateja wakanyage pakavu, akafunga koki. Kisogoni mafundi walimwita Bwana Pakavu. Vumbi likikosa njia ya nje hutafuta ya ndani, na huko huchora mti uleule.

Mjane alimwita aje aone. Bwana Pakavu alivua viatu mlangoni, akautazama mti ukihema, akajipangusa unga begani.

"Pole sana, mama. Mti mzuri. Ungekuwa wa marumaru, ningeununua."

"Sikukuitia biashara, baba. Fungua koki."

"Tutaangalia. Msimu huu wateja ni wengi."

Alivaa viatu akaenda zake.

Juzi shina la pili lilichomoza, jembamba kama uzi, ukutani pale shemeji anapoegemeza mto wake. Shemeji amesogeza kitanda kidogo ili asiliponde. Usiku anakohoa. Mjane amenunua ufagio mwingine.

Koki haijafunguliwa. Kila asubuhi mjane anamfichia shemeji yake viatu. Kila asubuhi shemeji anavipata, anavikung'uta, anakwenda kazini.