Kiu ya Bahia

Daktari Hadjira alikuwa amepekua majalada ya watoto katika hospitali moja ya Mahajanga, Madagaska, kuanzia mwaka 1978. Katika miaka kumi ya mwanzo alikuta watoto wawili tu wenye kisukari. Katika kumi ya mwisho, arobaini na mmoja. Hakutaka kukimbilia kusema kwamba ugonjwa umeongezeka. Huenda wengi wa zamani walifia majumbani bila kuhesabiwa. Kwa hiyo kila familia aliiuliza swali moja: je, kuna mtoto wenu aliyewahi kufa baada ya kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mno na kukonda?

"Kwetu hakuna," Elarif alijibu haraka. Binti yake Charifa, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa kitandani, siku ya nne ya sindano za insulini. "Hii ni soda. Mama yake humpa soda kama anamwagilia mchicha."

Mkewe, Zalifa, aliinamisha kichwa. Daktari alikwisha kueleza mara mbili kuwa kisukari cha namna hii hakiletwi na soda, lakini Elarif alishikilia lake.

Bi Fatoumia, mama yake Elarif, alikaa kando ya kitanda akitazama sakafu. Maneno hayo ya soda alikuwa ameyasikia tangu mtoto alazwe.

Mwaka ule wa 1978 yeye na familia yake walikuwa wageni Ambanoro, kule kisiwani Nosy Be. Walikimbia Mahajanga baada ya fujo dhidi ya Wakomoro kama wao, jamaa akawapa chumba. Elarif alikuwa bado mdogo wa miaka mitatu. Dada yake Bahia, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa akifunga Ramadhani yake ya kwanza kamili. Siku ya tisa, adhuhuri, mwenye nyumba alimkuta nyuma ya mtungi, kata mdomoni. Wanawake wa uani wakacheka: kumbe hawa wageni wamekuja na saumu yao ya nusu siku. Fatoumia alitamani ardhi immeze. Akauhamishia mtungi chumbani, akafunga mlango, ufunguo akaukaza kwenye pindo la leso. Asubuhi godoro likawa limelowa. Akamwambia mtoto huo ni uvivu. Bahia aliomba maji, kisha akaacha kuomba. Alizikwa kabla ya Idi. Watu waliambiwa ni homa.

"Daktari," alisema Bi Fatoumia. "Andika mmoja wa kwetu."

Akasimulia yote kwa mpangilio, mtungi, ufunguo na godoro, bila kujitetea. Daktari aliuliza jina, umri na mwaka, akaandika polepole. Elarif, aliyekuwa akimwombea dua kila Ijumaa dada aliyekufa kwa homa, alimtazama mkewe. Zalifa alimletea mama mkwe kikombe cha maji. Bi Fatoumia hakuweza kukigusa.

Hapo ndipo walipogundua kuwa Charifa hakuwa amelala.

"Koko," alimwita bibi yake. "Alikuwa na kiu kama yangu?"

"Kama yako, mwanangu."

"Na wewe ukamnyima?"

"Nilimnyima."

Mkono wa Bi Fatoumia ulikuwa juu ya mguu wa mtoto. Charifa aliuvuta mguu wake taratibu, akaufunika kwa shuka, akageukia ukutani. Bi Fatoumia aliuacha mkono pale pale, juu ya godoro tupu.