Mkaa Mlafi

Mkwe wangu anaokota vifuu vya nazi. Siku alipokuja kuposa nikaambiwa ndiyo kazi yake, nilimtazama binti yangu nikidhani ananitania. Kijana kasoma mpaka basi, halafu anazunguka sokoni na gunia akiwaomba wauza nazi takataka zao! Nikampachika jina, Bwana Vifuu, na likamganda.

Lakini haki yake nitampa. Zamani vifuu hivyo vilichomwa jalalani, moshi ukatuingia hadi vyumbani, tukikohoa mpaka machozi. Yeye huvifungia ndani ya pipa lisiloingiza hewa na kuvipika mpaka viwe mkaa, na moshi wake huurudisha kwa bomba chini ya pipa, uungue humo humo. Mkaa ukiwa bado mwekundu huupitishia mvuke, ukatoboka vitundu visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo hunasa kila uchafu unaopita. Ameupanga kwenye mtaro wa kiwanda cha kutia nguo rangi. Maji yaliyokuwa yakipita nyuma ya nyumba yetu leo bluu kesho mekundu, sasa unaona kokoto chini. Wasomi wanauita mkaa amilifu. Mimi nauita mkaa mlafi.

Sasa, mimi ni mjane. Marehemu alikuwa fundi viatu, na koti lake la kazi ndilo kitu pekee nilichokataa kukigawa wala kukifua. Wenzangu wana picha. Mimi nilikuwa na harufu. Gundi, ngozi, na jasho la shingo yake. Nikizidiwa nafungua kabati, nazamisha uso kwenye kola, na mzee yupo. Hilo la kunusa sikumwambia mtu, hata binti yangu. Niliona haya, utu uzima huu.

Mvua zikaja, kabati likaota ukungu, na mimi nilikuwa nimekwenda kumuuguza dada yangu. Bwana Vifuu akaona amfurahishe mama mkwe. Akafuta ukungu wote, kisha akatundika kifuko cha mkaa wake ubavuni mwa koti, kinyonye unyevu na uvundo. Wema mtupu, jamani. Niliporudi nikafungua kabati, nikaweka uso kwenye kola. Kitambaa. Nikanusa kwapani, nikanusa mifukoni. Kitambaa tu.

Nikamfuata karakanani kwake, koti mkono huu, kifuko mkono huu. Nilimporomoshea maneno mbele ya vibarua wake, maneno ambayo mkwe hatamkiwi, na humo humo siri yangu ikanitoka yote. Akakaa chini juu ya gunia. Nilitaka aniambie kwamba harufu itarudi. Angenidanganya, ningekubali.

"Nisamehe, mama," akasema. "Imekwenda. Imenasa humu ndani ya mkaa."

"Basi itoe."

"Haitoki ila kwa moto mkali. Na ikitoka, inaungua."

Alikuwa analia, mwanaume mzima, masizi yakimchuruzika mashavuni. Hasira zikaniisha pale pale, nikabaki na uchungu mtupu. Akanyoosha mkono apokee kifuko, kwa mazoea tu, maana mkaa wake ukishashiba huurudisha tanuruni ukaanza kazi upya. Kwake hakitupwi kitu.

Nikakivutia kifuani.

"Hiki hakiendi motoni," nikamwambia. "Baba yako yumo humu."

Akainuka, akatafuta chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana. Alinieleza kwamba kifuko kikiachwa wazi kitaendelea kula harufu za watu wengine. Akakipokea kwa mikono miwili, akakilaza ndani ya chupa na kuifunga. Koti nikamvika yeye. Lilimbana mabegani, lakini analivaa kazini mpaka leo.

Chupa iko kabatini. Nikizidiwa naitoa, nakaa nayo mapajani. Hainuki chochote, na sijawahi kuifungua.