Mama Mdogo Kwenye Mstari wa Kimo

Kila Jumanne saa tisa alasiri darasa la familia lilifanyika kwenye bwalo la shule, meza zikishafutwa. Wazazi waliokimbia vita walikaa na watoto wao, wakajifunza pamoja lugha ya hapo: kusoma barua ya mwalimu, kumwambia daktari panapouma. Anayehitimu aliachiwa mtoto wake moja kwa moja. Asiyehitimu, mtoto alitafutiwa nyumba nyingine.

Fundi cherehani alikuja na binti wa marehemu dada yake. Siku ya kuandikishwa karani alimuuliza yeye ni nani kwa mtoto.

"Mimi ni mama yake mdogo," alisema.

Mkalimani alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kamusi, na kamusi haina ukoo. Akatafsiri neno kwa neno. Kwenye mstari wa uhusiano karani akaandika mama. Kwenye mstari wa kimo, mdogo. Na maji yakishamwagika hayazoleki, hasa yakiwa wino.

Wiki ya pili gauni lilimpwaya. Akalipunguza, ndiyo kazi yake. Wiki ya nne miguu yake haikufika sakafuni, mwalimu akamletea mto. Wiki ya saba alikaa juu ya meza, karibu na kifutio, na akawa wa kwanza kwenye imla.

"Shemeji," muuza viatu wa dawati la nyuma alimtania, "kwangu hupati tena saizi yako."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka, kwa sababu alijua wiki zilizobaki ni ngapi.

Alikwenda kwa karani, binti amembeba kiganjani.

"Nakuomba, mwanangu, ulifute hilo neno. Udogo wangu ni wa kuzaliwa nyuma ya dada, siyo wa kimo."

Karani alikuwa mpole. Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni ili mvuke usimuunguze.

"Nakuelewa, mama. Ila marekebisho kwenye sehemu ya mama anayajaza mama mzazi. Yeye mwenyewe, hapa mbele yangu."

"Ameshafariki."

"Basi itachukua muda."

Alihitimu. Cheti kilikuwa kirefu kuliko yeye, na wenzake walimpigia makofi kwa vidole viwili viwili ili wasimpeperushe. Kesho yake ofisi ilikikataa: mlezi lazima awe mtu mzima, na mtu wa urefu wa kidole gumba, walisema kwa masikitiko, si mzima. Uonevu ni uonevu hata ukisemwa kwa adabu. Binti akapelekwa kwa mama mwingine, mwanamke mwema mwenye vyumba vitatu na mashine ya kufulia. Mama mdogo alikwenda ndani ya mfuko wa shati la shule. Somo la mwisho alilompa mtoto lilikuwa kukagua mifuko kabla ya kufua.

Taarifa ya ofisi inasema mtoto amezoea vizuri. Huja darasani na mama mpya, anasoma, hana utundu. Ila kila asubuhi huinamia mfuko wake na kusema, "Shikamoo, mama."

Mwanzoni, ukitega sikio, ulisikia marahaba. Siku hizi binti husubiri kidogo, kisha anaitikia mwenyewe.